Ombi na Amri katika Kiingereza cha Biashara: Mfano wa Kariokor

Jina Kariokor lenyewe ni zao la Kiingereza cha kazini: latokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu vya 1914-1918, likafuata matamshi ya wenyeji. Leo, katika soko la Kariokor, mwuza vyondo anayejifunza Kiingereza ili amwandikie mnunuzi wa ng'ambo hukabiliwa na tatizo lisilo la msamiati. Tuchukue sentensi "Unitumie arbuni kwanza." Kiishio -e hubeba ombi na agizo pamoja, muktadha ndio utenganishao, wala hapana ufidhuli. Kiingereza hakina kiishio cha namna hiyo. Ombi la heshima hujengwa kwa kitenzi kisaidizi, mara nyingi katika umbo la swali. Mwenye kufasiri neno kwa neno huandika "Send me the deposit first". Mnunuzi asiyemwona uso husoma amri palipokusudiwa adabu, na huenda biashara ikavunjika. Basi mwalimu asianze na orodha ya maneno. Aanze na "naomba unitumie", adabu ambayo mwanafunzi tayari anayo, kisha aonyeshe mahali Kiingereza kinapoiweka.