Moyo wa Mwalimu na Mkono Wake

Katika vitabu saba alivyovitoa mwandishi wa Uingereza, J. K. Rowling, baina ya mwaka 1997 na 2007, yumo mwalimu ambaye baadhi ya vijana wetu wa visiwani na wa bara wanamjua, kwa kitabu au kwa sinema, kana kwamba aliwahi kuwafundisha. Mwalimu huyo, Severus Snape, husomesha utengenezaji wa dawa za kichawi katika shule ya Hogwarts. Ni mtu wa mavazi meusi, sauti ya chini na ulimi mkali, naye huwafedhehesha watoto mbele ya wenzao. Aliwahi kuwa mfuasi wa adui mkuu, Voldemort, na katika hadithi nzima watu wanaulizana yu upande gani. Ni katika kitabu cha mwisho tu ndipo inapobainika kwamba kwa miaka mingi alikuwa akimpeleleza adui yule kwa ajili ya mkuu wa shule, Dumbledore, na kwamba amekufa hali bado anahesabiwa kuwa haini.

Yamkini atatokea msomaji aulize: habari za shule ya wachawi zinatuhusu nini sisi, watu wa Pwani? Zinatuhusu, kwa sababu nchi hii nayo imepata kuwa na walimu waliolazimishwa kuficha mapenzi yao. Na jambo hilo lilipata kutikisa hata vilima vya Pugu, kwenye njia iendayo Kisarawe.

Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ya Tanganyika, chini ya Gavana Edward Twining, ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Zanzibar nayo iliwapiga marufuku watumishi wa serikali kushiriki siasa katika mwaka huo huo. Hebu tupime maana ya amri hizo. Waafrika waliojua kusoma na kuandika walikuwa wachache, na wengi wa wachache hao walikuwa walimu, makarani na waganga wa serikali. Kuwafunga midomo hao kulikuwa sawa na kuchukua kalamu ya chama na kuitumbukiza baharini. Tangu hapo mtumishi aliyekitakia mema chama ilimpasa kunyamaza ofisini, na moyo wake akauacha nyumbani.

Julius Nyerere alikuwa akifundisha Pugu tangu aliporudi kutoka Edinburgh mwaka 1952. Shule ile ilikuwa ya misheni ya Kikatoliki, kwa hiyo waraka wa watumishi wa serikali haukumgusa moja kwa moja. Alichaguliwa rais wa TAA mwaka 1953, na TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai, 1954, akawa rais wake, hali bado anashika chaki mchana na kuitikia wito wa chama mjini Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zipatazo 20. Aliporejea kutoka Umoja wa Mataifa mjini New York mwaka 1955, alitakiwa achague moja: shule au siasa. Mwezi Machi mwaka huo akaacha kazi na mshahara wake. Rashidi Kawawa, aliyekuwa mtumishi wa serikali, naye aliiacha kazi yake mwaka 1956. Huko Unguja, Aboud Jumbe alitoka katika ualimu akaingia katika siasa za Afro-Shirazi kabla ya Mapinduzi ya 1964.

Hapa ndipo tofauti kati ya mwalimu wa hadithi na walimu wetu inapodhihirika. Snape aliificha nia yake mpaka kaburini. Wazee wetu, ulipofika wakati wa kuchagua, walichagua hadharani na wakalipa gharama yake. Hatuwalaumu wale waliobaki wamenyamaza: mtu aliye chini ya mtawala mgeni, mwenye watoto wa kulisha, siri huwa ngao yake. Lakini siri ni ngao ya wakati wa vita. Katika nchi iliyo huru, mtumishi hana haja ya nyuso mbili. Kanuni za utumishi zinamruhusu kuwa mwanachama wa chama akipendacho. Zinachomkataza ni kufanya siasa kazini, na kumhudumia mwananchi kwa kutazama rangi ya kadi yake. Mwandishi wa makala haya ni mtu wa chama, na analisema hili kwa chama chake kwanza.

Liko jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Wasomaji wengi wa hadithi ile, wakishajua kwamba Snape alikuwa mwema kwa siri, humsamehe yote. Hata shujaa wa hadithi, Harry Potter, alimpa mwanawe jina lake. Lakini katika kitabu cha tatu yumo mtoto aitwaye Neville, ambaye alipotakiwa kutaja kinachomtisha kuliko vyote duniani, alimtaja mwalimu huyo. Je, siri njema ya mwalimu ilimfaa nini Neville darasani?

Chuoni tulifundishwa kwamba amali hupimwa kwa nia. Ni kweli, lakini mpimaji wa nia ni Mwenyezi Mungu. Ofisa elimu hana mizani hiyo. Yeye amepewa kupima vitendo. Kanuni za mwaka 2002 za Tanzania Bara zinasema adhabu ya viboko itolewe na mkuu wa shule, au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi. Visizidi vinne, na viandikwe katika daftari. Mwalimu anayepiga nje ya mipaka hiyo, kisha akajitetea kwamba anawapenda watoto, anatutaka tusome moyo wake wakati daftari liko tupu.

Kwa hiyo, ndugu viongozi, mkaguzi aendapo Minaki, shule ambayo chimbuko lake ni chuo cha Kiungani, Unguja, kilichohamia Kisarawe mwaka 1925, au avukapo bahari kwenda Mafia, asiridhike na chai ya ofisini. Alifungue daftari la adhabu, kisha azungumze na watoto peke yao. Huko Kibaha, mwaka 2022, ilifunguliwa Shule ya Uongozi yenye jina la Mwalimu Julius Nyerere, iliyojengwa na vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Makada wanaopita hapo hawana budi kukumbuka kwamba mwenye jina hilo, alipotakiwa kuchagua, hakumwachia mtu yeyote kazi ya kubahatisha yuko upande gani.