Umefika mjini na njaa: kupata chakula kizuri na kulipa kwa simu bila pesa kuvuja

Ukiwa Kegonga, kutafuta chakula si kazi. Unajua ni nani hupika vizuri sokoni, unajua nyama ya leo imetoka wapi, na pesa ikipungua unaweza kuambiwa, "Utaleta kesho." Mjini mambo ni tofauti. Umeshuka stegi Kisumu au Nairobi, humjui mtu, na una simu yenye pesa ya kukutosha siku chache tu.

Wengi wanaosafiri kutoka Kuria Mashariki hawaendi mjini kutembea. Mmoja anafuata mgonjwa aliyepewa rufaa, mwingine anampeleka mtoto chuo, mwingine anatafuta kibarua. Kwa msafiri wa namna hii nauli hulipwa mara moja ikaisha. Chakula ndicho gharama inayorudi kila siku, mara mbili au tatu, na hapo ndipo pesa huvuja polepole.

Makala hii inaeleza mambo mawili yanayokwenda pamoja: jinsi ya kutambua mahali pazuri pa kula, na jinsi ya kulipa kwa simu ili pesa yako iende kwenye sahani, si kwenye ada wala kwa matapeli.

Fuata wafanyakazi saa saba mchana

Usianze kwa kutafuta hoteli yenye jina kubwa. Anza kwa kuangalia saa. Kuanzia saa sita hadi saa nane mchana, tazama wajenzi, makanga, mabawabu na wauza duka wanaelekea wapi. Hawa hula nje kila siku kwa pesa yao wenyewe. Bei ikipanda au chakula kikiwaumiza tumbo, huhama.

Foleni pia ni dalili ya usalama. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 kwenye joto la kawaida, na kinachongoja kuliwa kiwekwe kwenye moto wa zaidi ya nyuzi 60. Pahali penye wateja wengi sufuria huisha upesi na nyingine ikaletwa. Pahali pasipo watu saa saba mchana, jiulize maharagwe yale yamekaa hapo tangu lini.

Kabla hujakaa, chukua dakika moja uangalie:

- Je, kuna maji yanayotiririka na sabuni ya kunawa mikono?
- Je, chakula kimefunikwa, na kinatoa mvuke kikipakuliwa?
- Je, anayeshika noti ndiye anayeshika chapati? Malipo ya simu husaidia hapa pia, kwa sababu mpishi hagusi pesa.
- Sahani zinasuuzwa kwenye maji gani? Beseni moja lenye maji meusi linatosha kukuondoa.
- Je, kuna leseni ya kaunti na vyeti vya afya ukutani? Wanaoshika chakula hutakiwa kupimwa mara kwa mara, na cheti huwa na tarehe. Isome.

Kibanda cha mabati chaweza kupita mtihani huu, na hoteli yenye vioo ikaanguka.

Kisumu na Nairobi: pa kuanzia

Kisumu, wagonjwa wengi wa rufaa kutoka pande zetu hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo watu huiita "Russia". Iko karibu na Kondele, na Kondele ni mahali pa chakula cha kawaida: ugali, omena, mboga za kienyeji, chapati, maharagwe. Tembea kidogo kutoka lango la hospitali ulinganishe bei kabla ya kuamua. Katikati ya mji kuna Soko la Jubilee, na Kibuye ni soko kubwa la wazi ambalo huchangamka zaidi Jumapili. Ukitaka samaki wa ziwani na una muda, Dunga iko ufuoni kabisa. Huko unaweza kumchagua samaki kabla hajaingia kwenye mafuta. Macho yawe angavu, matamvua yawe mekundu, na nyama ikibonyezwa irudi juu.

Usishangae ukisikia ugali ukiitwa *kuon*. Ngege unamjua tayari, na mbuta pia. Tofauti ni kwamba mbuta huuzwa kwa vipande, kwa hiyo uliza kipande ni kipi.

Nairobi, anayemuuguza mtu Hospitali ya Kenyatta ana Kenyatta Market si mbali, soko linalojulikana kwa nyama choma. Burma, karibu na City Stadium kwenye Barabara ya Jogoo, pia ni jina kubwa kwa wapenda nyama. Ukitaka wali na nyama ya mbuzi kwa mapishi ya Kisomali, nenda Eastleigh. Chakula cha kila siku cha Mnairobi, hata hivyo, kiko kwenye vibanda: chapo na madondo (yaani chapati na maharagwe), githeri, ndengu, ugali na matumbo.

Kama unampelekea mgonjwa chakula, muulize muuguzi kwanza. Wengine wamezuiliwa chumvi, mafuta, au kula kabisa kabla ya upasuaji.

Bei iulizwe kabla ya sahani kuja

Ugomvi mwingi wa hotelini hutokana na bei ambayo haikuulizwa. Kuna vitu vitatu vya kuwa navyo macho:

1. Nyama choma huuzwa kwa uzito: robo, nusu, kilo. Bei unayotajiwa mara nyingi ni ya nyama peke yake. Ugali na kachumbari ni pesa nyingine.
2. Samaki hupangiwa bei kwa ukubwa. Onyesha kwa kidole, uambiwe bei ya huyo huyo.
3. Nyongeza. Supu ya kuongezwa, ugali wa pili, maji ya chupa. Uliza, "Hii ni ya bure au inalipiwa?"

Uliza pia mapema, "Mnalipwa kwa nini?" Ukishakula ndipo usikie ni pesa taslimu tu, utalazimika kutafuta wakala na kulipa ada ya kutoa.

Tili, Pochi au namba ya mtu: si kitu kimoja

Maneno haya yakibandikwa ukutani yanafanana, lakini mfuko wako unaona tofauti.

Tili ya Lipa na M-PESA. Ukinunua kupitia menyu ya kununua bidhaa na huduma, wewe mteja hukatwi ada. Sahani ya 150 inaondoka 150. Tangu 2022 mteja wa Airtel Money naye anaweza kulipa kwenye tili hizi.

Pochi la Biashara. Hii hutumiwa sana na wenye vibanda. Kwako ni kama kumtumia mtu pesa: hadi shilingi 100 ni bure, lakini kuanzia 101 hadi 500 unakatwa 7.

Namba ya kawaida ya simu. Ada ni ile ile ya kutuma pesa.

Paybill. Kuna biashara zinazobeba ada na nyingine zinazomwachia mteja. Uliza.

Sasa linganisha na kutoa pesa kwa wakala. Kwa viwango vya M-PESA tunavyotumia hapa, kutoa kiasi chochote kati ya 101 na 2,500 ni shilingi 29. Ukitoa 300 kila asubuhi kwa siku tano, umelipa 145. Ukitoa 1,500 mara moja, umelipa 29, ila sasa umebeba noti ndani ya mji usioujua. Ukila kwenye kibanda chenye tili, hulipi ada na hubebi noti. Viwango hubadilika, kwa hiyo angalia orodha mpya kabla ya safari.

Soma jina kabla ya kuthibitisha

Kabla malipo hayajakamilika, simu hukuonyesha jina la unayemlipa. Watu wengi hulipita bila kusoma. Mjini, jina hilo ndilo ulinzi wako.

Kuna matapeli wanaobandika karatasi yenye nambari yao juu ya ile ya mwenye hoteli. Wewe unalipa, ujumbe unaingia, lakini mama aliyekupakulia hajaona kitu. Dawa ni swali moja: "Tili inasoma jina gani?" Jina huenda lisiwe lile lililo kwenye bango la hoteli. Laweza kuwa jina la mwenyewe au la kampuni. La muhimu ni kwamba mhudumu alitaje, kisha ulione lile lile kwenye simu. Yasipolingana, simamisha.

Akikuambia pesa haijaingia, usilipe mara ya pili kwa haraka. Angalia kama una ujumbe uliotoka kwa MPESA, angalia salio lako, kisha mwonyeshe nambari ya muamala naye aitafute kwenye simu yake. Mtandao huchelewa wakati mwingine.

Aliye Kegonga anaweza kulipia sahani yako

Hili ni jambo ambalo familia nyingi hazijalizoea. Tili haihitaji mlipaji awe mezani. Ndugu yako akiwa Kegonga anaweza kuingiza nambari ya tili ya kibanda cha Kondele na kulipia chakula chako.

Faida yake? Tuseme nyumbani wamechanga 1,000. Wakikutumia, mtumaji anakatwa 13. Wewe ukizitoa 300 mara tatu, unakatwa 87. Jumla shilingi 100 zimekwenda bila mtu kutia tonge mdomoni. Hiyo mia ingenunua chapo na madondo. Wakilipa kwenye tili moja kwa moja, ada ni sufuri.

Faida ya pili inahusu Fuliza. Kama una deni la Fuliza, pesa yoyote inayoingia kwenye laini yako hulipa deni kwanza. Mchango wa chakula cha muuguzaji unaweza kumezwa kabla hujauona. Malipo yanayokwenda kwenye tili ya hoteli hayapiti kwenye laini yako. Deni bado ni lako na litalipwa, lakini leo utakula.

Fanyeni hivi:

1. Siku ya kwanza kula hapo na ulipe mwenyewe. Hakikisha chakula ni kizuri na jina la tili umelisoma.
2. Zungumza na mwenye kibanda: "Mama, niko na mgonjwa hapa Russia. Ndugu zangu wakilipa kwa tili yako, utanihesabia?"
3. Tuma nyumbani nambari ya tili pamoja na jina linalosoma.
4. Anayelipa alinganishe jina, alipe, kisha akutumie ujumbe wa muamala.
5. Wewe na mama muandike kwenye daftari: kilicholipwa, kilicholiwa, kilichobaki.

Usilipie zaidi ya siku mbili mbele. Vibanda huhamishwa na wagonjwa huruhusiwa kwenda nyumbani ghafla.

Mitego ya stegi na ya mtandaoni

- "Nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie." Usirudishe kwa mkono wako. Angalia salio kwanza. Kama kweli pesa imeingia, mwambie aliyetuma aombe irudishwe kupitia kampuni. Wewe pia ukimtumia mtu vibaya kwenye M-PESA, peleka ule ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja. Ujumbe wa kitapeli upeleke kwa 333.
- Pochi haina urejeshaji rahisi. Mwenye Pochi lazima akubali kwanza. Kwa hiyo soma namba mara mbili.
- "Leta simu nikusaidie kulipa." Simu haitoki mkononi, na PIN haitajwi kwa mtu, hata kama amevaa fulana ya kampuni.
- Samaki wa Facebook. Picha nzuri, bei ndogo, kisha unaambiwa utume pesa ya kushikia nafasi. Kama hujafika hapo wala huna anayepajua, lipa ukiona chakula.

Kwa ufupi, kabla hujapanda gari

Weka kando pesa ya nauli ya kurudi na usiiguse. Gawanya inayobaki kwa idadi ya siku ili ujue unakula kwa kiasi gani kwa siku. Ukifika, fuata wafanyakazi saa saba, uliza bei, tafuta penye tili, soma jina. Jioni pitia ujumbe wa malipo ya siku hiyo. Yale malipo madogo madogo ndiyo daftari lako. Ukiona siku mbili umepita kiwango, badilisha kibanda mapema, pesa ikiwa bado ipo.