Kunyoosha Mkunjo: Cheo cha Neno na Marudio Yake

Mtafiti akiwa na vigeu viwili, kimoja kikipungua kadiri kingine kinavyozidi, grafu ya kawaida humwonyesha mkunjo tu. Jicho halitofautishi kwa urahisi mkunjo wa namna moja na wa namna nyingine, bali mstari mnyoofu hulitambua mara moja. Ndiyo sababu takwimu hugeuzwa kabla ya kuchorwa. Kwa wanaisimu, mfano ulio bora ni ule wa George Kingsley Zipf wa Marekani.

Katika kitabu chake cha 1949, Zipf aliitumia hesabu ya maneno ya riwaya ya *Ulysses* ya James Joyce, ambayo jumla yake yapata 260,000. Maneno yalipewa vyeo, la kwanza likiwa lile lililotokea mara nyingi kupita yote. Neno la cheo cha 10 lilitokea mara 2,653; la 100, mara 265; la 1,000, mara 26; la 10,000, mara 2.

Ikichukuliwa logariti ya marudio peke yake, mkunjo haunyooki: kushuka kipimo kimoja huchukua vyeo 90 baina ya cheo cha 10 na cha 100, kisha vyeo 900 baina ya 100 na 1,000. Logariti zikichukuliwa pande zote mbili, vyeo huwa 1, 2, 3 na 4, nayo marudio huwa 3.42, 2.42, 1.41 na 0.30. Sasa kila hatua ya kwenda kulia ni hatua moja, au zaidi kidogo, ya kushuka. Mteremko huo wa takriban 1 una maana kwamba cheo kikizidishwa kwa marudio hutoa jibu lisilobadilika sana, yaani kama 26,500. Mwishoni mstari hulegea na kuwa ngazi, kwa kuwa neno haliwezi kutokea mara moja na nusu. Na kwa vile maneno adimu ni maelfu, mstari uliokadiriwa kwa nukta zote huvutwa na ncha hiyo.

Zipf aliona humo kanuni ya binadamu kupunguza juhudi. Hapo ndipo pa kutahadhari. Mwaka 1957 George Miller alionyesha kwamba hata herufi zilizopigwa ovyo, zikigawanywa na nafasi, hutoa mstari wa namna hiyo. Unyoofu hueleza uhusiano wa vigeu. Hautaji chanzo chake.

Kwa Kiswahili kuna swali linalotangulia logariti: neno ni nini? *Hatukuwapa* ni neno moja katika maandishi, ingawa limebeba ukanushi, kiambishi cha nafsi, wakati, mtendwa na mzizi. Kinyume chake, *wa*, *ya*, *la*, *cha* na *za* ni maumbo ya *-a* unganifu moja, lakini anayehesabu maumbo huyapa vyeo mbalimbali. Akiyakusanya pamoja, jumla yake hupanda na kila neno lililokuwa kati yake hubadili cheo. Matini ileile basi yaweza kutoa mistari miwili yenye miteremko tofauti, na kuilinganisha mmojawapo na mstari wa Kiingereza bila kutaja kilichohesabiwa ni kulinganisha tahajia za lugha mbili, si lugha zenyewe.