Safari ya Miraa Mwilini, na Jina la Meru Katika Chupa za Wataalamu

Mtu akisimama barabarani Maua au Laare huyaona magari ya mizigo yakipakiwa miraa iliyofungwa katika majani ya mgomba, kisha yakishuka milima ya Nyambene kwa mwendo wa kutia hofu, yakielekea Nairobi, umbali wa kilomita 300 hivi. Mgeni huuliza: haraka hii ni ya nini? Mbona viazi na kahawa havikimbizwi hivyo? Mkulima wa Igembe au Tigania atamjibu kwa neno moja tu, kwamba miraa ikilala imekufa. Jibu hilo wazee walilijua tangu zamani sana, ndiyo maana wakauzoea mgomba, ambao jani lake huhifadhi unyevu. Lakini wataalamu wa Ulaya, pamoja na vyombo vyao vyote, walichukua karibu miaka 90 kabla ya kuijua sababu yake.

Habari zenyewe zilikuwa hivi. Mti huu, ambao jina lake la kitaalamu ni Catha edulis, ulielezwa na Peter Forsskål, aliyesafiri Uarabuni pamoja na wajumbe wa Mfalme wa Denmark, akafa huko Yemen mwaka 1763. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775, naye hakuyaona. Mwaka 1887 wataalamu wawili, Flückiger na Gerock, walitoa katika majani yake kitu walichokiita katini. Mwaka 1930 mwingine aitwaye Wolfes akaeleza katini ni kitu gani hasa. Ikadhaniwa kwamba mambo yamekwisha. Kumbe hayakwisha, kwa kuwa katini ni dhaifu, nayo haikutosha kueleza kwa nini watu hukesha wakitafuna na kuzungumza mpaka alfajiri.

Kosa lao lilikuwa jepesi, na mtu yeyote wa Meru angaliweza kuwaonya: majani waliyoyachunguza yalikuwa makavu! Mwaka 1975 wataalamu wa maabara ya Umoja wa Mataifa walipochunguza majani mabichi waliona kitu kingine ndani yake, wakakiita katinoni. Hicho ndicho chenye nguvu. Jani linapokauka, katinoni hugeuka polepole kuwa katini na vitu vingine vilivyo dhaifu zaidi. Basi lile gari linaloshuka Nyambene kwa kasi linashindana na badiliko hilo, na kila saa inayopita humpunguzia mchuuzi thamani ya mzigo wake.

Baada ya hapo kazi kubwa ilifanywa nchini Uswisi, Geneva na Bern. Huko Bern, Rudolf Brenneisen na wenzake walipata miraa iliyotoka Meru, na katika mwaka 1984 wakatangaza kwamba wameona ndani yake kitu kipya, wakakiita merukatini, kwa heshima ya mahali ilipotoka. Kiko pia merukatinoni. Hivyo jina la Meru limo katika vitabu vya kemia vya dunia nzima, jambo ambalo nadhani wakulima wengi wa Nyambene hawajapata kuambiwa. Lakini tusijivune kupita kiasi: vitu hivyo vilipojaribiwa vilionekana kuwa na nguvu kidogo sana, na kazi ya kumkesha mtu ni ya katinoni. Mwaka 1987 Geisshüsler na Brenneisen walipima miraa ya nchi mbalimbali, wakaona kwamba katika gramu 100 za majani mabichi, kwa wastani, mna miligramu 36 za katinoni na miligramu 120 za katini. Machipukizi machanga yana katinoni nyingi kuliko majani yaliyokomaa. Hilo nalo wachumaji walilijua bila mizani.

KARANI WA GHALA

Sasa tumtazame Daktari Peter Kalix wa Geneva, kwa kuwa ndiye aliyeonyesha dawa hii hufanya kazi gani ndani ya nyama ya mwili. Katika mwisho wa baadhi ya mishipa ya fahamu mna akiba ndogo ya kitu kiitwacho noradrenalini. Mtu akishtuka, kwa mfano akiona nyoka njiani, akiba hiyo hutolewa kidogo, na moyo huanza kwenda mbio. Kalix alichukua vipande vya nyama ya moyo wa sungura, akaitia akiba hiyo alama ya kuweza kuifuata, kisha akavitia katinoni. Mara akaona akiba inamwagika, ingawa hapakuwa na nyoka wala hofu yoyote. Katika ubongo pia aliona kwamba akiba nyingine, iitwayo dopamini, hutolewa kwa njia hiyo hiyo. Ndivyo vidonge vya amfetamini vifanyavyo, basi Kalix akaiita katinoni amfetamini ya asili.

Mfano ulio karibu nasi ni karani wa ghala. Yeye amepewa funguo ili atoe mahindi kila wiki kwa kipimo. Siku moja anakuja mtu mwenye maneno matamu, karani anafungua milango yote, na kijiji kizima kinakula na kucheza ngoma. Hapana mahindi mapya yaliyoongezeka. Yaliyoliwa ni ya kesho. Mtafunaji aamkapo asubuhi ana uzito, hana furaha wala hamu ya kazi, na wengine huitafuta miraa tena ili wainuke. Hivyo asemaye kwamba miraa humpa nguvu asema nusu ya kweli. Misuli yake imechoka vile vile, ila habari ya uchovu imezuiwa isimfikie. Dereva atakaye kufika pwani kabla ya jua kuchomoza na alifikirie jambo hili, maana usingizi uliozuiwa una tabia ya kurudi ghafula.

Je, dawa huingiaje mwilini, hukaa muda gani, na hutokaje? Elimu ya mambo hayo ina jina refu. Sisi tuiite safari ya dawa. Wataalamu wa Ujerumani, Toennes na wenzake, waliwapa watu wanne miraa watafune kwa muda wa saa moja, wakawa wanawapima damu mara kwa mara, na habari zao zikachapishwa mwaka 2003. Waliona kwamba sehemu kubwa ya dawa, zaidi ya nusu ya katinoni na zaidi ya robo tatu ya katini, huingia katika damu kwa njia ya ngozi laini ya mdomo, kabla hata ya kumezwa. Majani yanayotemwa hubakiwa na sehemu ndogo tu, kama moja katika kumi. Kumbe ule uvimbe wa shavu una maana yake!

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 1994 na Widler pamoja na Brenneisen na Kalix, ulionyesha kwamba katinoni hufika kilele chake katika damu baada ya saa mbili hivi. Katinoni safi ikimezwa katika kidonge hufika upesi zaidi. Kutafuna ni kazi, nayo kazi hiyo yenyewe ni breki. Kwa sababu hiyo si haki kuyaweka majani haya katika fungu moja na unga unaotengenezwa kwa siri mijini.

Kutoka kwake je? Kila saa moja na nusu, katinoni iliyomo katika damu hupungua nusu. Ukiwa na mafungu manane, baada ya muda huo yatabaki manne, kisha mawili, kisha moja. Lakini katini ni mgeni asiyeaga: hupungua nusu baada ya saa tano na zaidi. Basi mtu aliyemaliza kutafuna saa mbili usiku, ikifika saa saba usiku furaha imekwisha mtoka zamani, lakini nusu ya katini bado imo katika damu, naye yuko kitandani akiitazama dari. Wengi hudhani usingizi wamenyimwa na mawazo yao. La, ni hesabu tu.

MISULI ISIYOPOKEA AMRI

Mwili una misuli tunayoiamrisha, kama ya mkono na mguu, na mingine isiyotungoja. Miraa huigusa zaidi hii ya pili. Moyo hupiga upesi. Misuli iliyouzunguka mshipa wa damu hukaza, na damu husukuma kwa nguvu zaidi. Wale watu wanne wa Ujerumani walikuwa hivyo kwa muda wa saa tatu hivi. Tumbo la chakula hulegea, likachelewa kutoa kilichomo, na ndiyo sababu mtafunaji hatamani ugali wake. Huko nako kwenye shingo ya kibofu misuli hukaza, hata wanaume wengine huona taabu kukojoa, jambo wanalolisema kwa kunong'ona ingawa limechunguzwa na kuandikwa na madaktari tangu mwaka 1995.

Hatari iliyo kubwa ni ya mishipa ile inayoulisha moyo wenyewe. Moyo unaopiga upesi wahitaji damu nyingi zaidi, na wakati huo huo mishipa yake inakazwa. Daktari Al-Motarreb na wenzake walilinganisha, katika mji wa Sana'a huko Yemen, watu 100 waliopatwa na shtuko la moyo na wengine wasiopatwa. Matokeo yao ya mwaka 2005 yalionyesha kwamba watafunaji walipatwa zaidi, na waliotafuna sana walizidi mno. Hao ni watu wa Yemen, ambako watu wengi hutafuna kwa saa nyingi, wala si lazima hesabu iwe ile ile kwa mzee wa Meru atafunaye vijiti vichache akiwa barazani. Lakini mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu hana sababu ya kungoja hesabu nyingine. Amwambie daktari wake wazi kwamba yeye hutafuna, kwa kuwa anayeficha hupewa dawa ya kushusha kile anachokipandisha mwenyewe kila jioni.

Nayajua yatakayosemwa na wakulima. Uholanzi iliifunga milango yake mwaka 2013, na Uingereza mwezi Juni 2014, ingawa baraza la wataalamu wa Serikali ya Uingereza lilikuwa limeshauri isifungwe. Karo za watoto wengi wa Nyambene zilikuwa zikitoka huko. Kisha mwezi Mei 2024 Mombasa na Kilifi zilikataza muguka, ambao ni mazao ya Mbeere katika Embu, na mahakama ya Embu ikausimamisha ukatazo huo kwa muda. Katika mabishano hayo kila upande ulisema kwa sauti kuu, na katinoni haikutajwa sana. Yafaa itajwe. Mla miraa wa Meru humenya ganda la kijiti kichanga. Mla muguka hula jani lenyewe, nalo ni rahisi kwa bei, hata kijana asiye na kazi aweza kununua la kutafuna kutwa. Nadhani kipimo na umri ndivyo vinavyostahili kubishaniwa, kuliko jina la mmea, kwa kuwa miraa na muguka ni mti mmoja.

Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Profesa Nilesh Patel wa idara ya fiziolojia aliandika mwaka 2000, katika jarida la madaktari wa Afrika ya Mashariki, jinsi katinoni ifanyavyo kazi. Kwa hiyo elimu hii haipo Uswisi tu. Kinachotakiwa Maua na Siakago ni kipimo cha damu na kipimo cha shinikizo, kwa watu wetu wenyewe, wale wanaotafuna vijiti vichache na wale wanaotafuna kutwa, kwa miaka kadhaa, na majina yao yawekwe siri ili wasiogope kusema kweli. Majani hayatapungua, na mengine yanachumwa asubuhi hii.