Daftari la Kikundi Liko Kwenye Wingu: Je, Nakala ya Pili Iko Wapi?



Siku hizi ukihudhuria mkutano wa kikundi hapa Magwagwa, mara nyingi hutaona tena lile daftari kubwa jeusi mezani. Katibu anatoa simu, anafungua jedwali la michango, anasoma: huyu amelipa, huyu ana deni, yule anadaiwa faini ya kuchelewa. Jedwali lenyewe haliko ndani ya simu. Liko "kwenye wingu", na ndiyo sababu katibu akinunua simu nyingine na kuingiza barua pepe na paswadi, analikuta kama alivyoliacha. Hayo ni maendeleo. Daftari lilikuwa linaliwa na mchwa, linalowa mvua inapovuja, na tusisahau kwamba daftari linaweza kuchanwa ukurasa na mtu mwenye nia mbaya.

Lakini kuna swali ambalo vikundi vingi bado havijajiuliza. Jedwali hilo likipotea huko liliko, sisi tutabaki na nini mkononi? Ukiuliza, jibu ni moja tu: "Haliwezi kupotea, liko Google." Katika makala haya tutaona kwa nini jibu hilo halitoshi, na jinsi kikundi cha watu 20 au 30 kinavyoweza kujilinda bila gharama kubwa.

Wingu ni nini hasa?

Si wingu la mvua. Ni kompyuta za kampuni, nyingi sana, zilizopangwa ndani ya majumba makubwa katika nchi mbalimbali, zikitumia stima usiku na mchana. Unapoandika mchango wa mwanachama kwenye simu, maandishi yanasafiri kwa mtandao, pengine kupitia nyaya zilizolazwa chini ya bahari, yanaenda kuandikwa huko. Kwa maneno mengine, umeweka daftari lako katika nyumba ya mtu mwingine. Nyumba hiyo ni imara kuliko yako na ina walinzi. Lakini si yako, na nayo inaweza kuungua.

Iliungua. Tarehe 10 Machi 2021 moto ulizuka katika majengo ya kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na jengo moja zima la kompyuta likateketea. Wateja wengi walipoteza data. Wengine walikuwa wamelipia hata nakala ya akiba, kumbe nakala yenyewe ilikuwa imewekwa katika jengo lile lile lililoungua! Na tusifikiri ni kampuni tu. Tarehe 26 Septemba 2025, katika mji wa Daejeon, Korea Kusini, betri zilishika moto kwenye kituo cha kompyuta cha serikali. Mahali ambapo wafanyakazi wa serikali walikuwa wakihifadhi kazi zao palipotea kabisa: terabaiti 858. Akaunti ya bure ya Google inatoa gigabaiti 15, kwa hiyo ni sawa na akaunti za bure zaidi ya 50,000 zilizojaa pomoni. Serikali ilieleza kwamba hapakuwa na nakala nje ya kituo kwa sababu mfumo ule ulikuwa mkubwa mno. Korea Kusini ni nchi yenye kampuni inayotengeneza baadhi ya simu tunazotumia sisi.

Yaliyowapata wenye pensheni wa Australia

Moto unaeleweka kwa kila mtu. Kisa cha Australia ni tofauti kidogo, na kwa maoni yangu ndicho kinachotufaa zaidi, kwa sababu kinahusu akiba za watu wadogo waliojumuika pamoja.

UniSuper ni mfuko wa pensheni wenye wanachama zaidi ya 600,000. Kumbukumbu zake ziliwekwa kwenye wingu la Google. Mapema Mei 2024 wanachama walijaribu kuangalia akaunti zao, hakuna kitu. Siku moja, siku mbili, wiki ikapita. Hapakuwa na moto wala wezi. Wakati wa kuuandaa mfumo huo, nafasi moja ya kujaza ilikuwa imeachwa wazi upande wa Google, na mfumo ukachukulia kwamba huduma hiyo ni ya mwaka mmoja. Mwaka ulipoisha, mashine ikafuta yenyewe, bila kumuuliza mtu.

Hapa tutulie kidogo. UniSuper haikuwa imezembea. Data yake ilikuwa imeandikwa mara mbili, sehemu mbili tofauti, ili upande mmoja ukiharibika mwingine uendelee. Lakini amri ya kufuta ilipita pande zote mbili. Kilichowaokoa ni nakala za akiba walizokuwa wameziweka kando, zikiwemo zilizokuwa kwa kampuni nyingine kabisa. Pesa za wanachama hazikupotea. Kama nakala hizo hazingekuwepo, fikiria mwenyewe kazi ya kutafuta haki ya kila mmoja kati ya watu 600,000.

Kufanana si kuhifadhi

Kutokana na kisa hicho tunajifunza jambo ambalo watu wengi hulichanganya. Jedwali lako likionekana kwenye simu ya katibu, ya mwenyekiti na ya mweka hazina, unadhani una nakala tatu. Hapana. Ni jedwali moja, mnalitazama kupitia madirisha matatu. Ni kama kujitazama kwenye kioo: ukinyoa nywele, na yule wa kiooni amenyoa. Katibu akilifuta kwa bahati mbaya, linatoweka kwa wote.

Wengine husema, "Sisi tumeshea na watu watano." Kushea pia si nakala. Jedwali lina mwenyewe, yule aliyelifungua kwa barua pepe yake. Akaunti yake ikifutwa, jedwali linaenda nayo, hata kama watu watano walikuwa wanalisoma kila wiki.

Na akaunti hufutwaje? Njia ni nyingi, tena za kawaida. Faili ukiitupa kwenye pipa la Google, baada ya siku 30 inafutwa moja kwa moja. Akaunti isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa na kampuni. Kanuni hiyo ilianza kutekelezwa Desemba 2023. Gigabaiti zile 15 zinatumiwa kwa pamoja na barua pepe, picha na faili, na kwa simu za Android hata akiba ya WhatsApp inahesabiwa humo. Nafasi ikijaa kwa video za harusi, akiba mpya haziingii, na katibu huenda asigundue. Kisha kuna mambo ya binadamu. Katibu anaolewa Kisumu, au anapata kazi Nairobi, au wanakosana na kikundi kwa sababu ya deni, anaondoka na paswadi kichwani. Laini iliyotumika kufungulia akaunti ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ya simu inaweza kumpa mtu mwingine. Basi ujumbe wa kufungulia akaunti unaenda kwa mtu msiyemjua.

Je, kampuni haina wajibu? Inao, wa kutunza nyumba. Lakini wajibu wa kukumbuka hisa za mwanachama wako haujauchukua. Microsoft, kwa mfano, katika masharti ya huduma zake inawashauri wateja waweke nakala ya vitu vyao mahali pengine mara kwa mara. Mwenye nyumba mwenyewe anakuambia usiache daftari kwake peke yake. Tatizo ni kwamba masharti hayo tunabonyeza "nakubali" bila kusoma.

"Lakini M-Pesa ina rekodi"

Hili ninalisikia mara nyingi, na lina ukweli nusu. Simu ikiibiwa na meseji zote zikapotea, bado unaweza kuomba taarifa ya M-Pesa kutoka kwa kampuni. Taarifa hiyo itaonyesha kwamba tarehe fulani mtu fulani alituma shilingi 700. Haitaonyesha kwamba 200 zilikuwa mchango wa wiki, 450 kulipa mkopo, na 50 faini. Mgawanyo huo uko katika jedwali la kikundi peke yake. Waliolipa taslimu hawamo kabisa katika taarifa ya M-Pesa, na kwa kawaida hao ni akina mama wazee wasio na simu au wenye simu ya mulika mwizi.

Tufanye hesabu. Kikundi cha watu 25, kila mmoja shilingi 200 kwa wiki, ni 5,000 kwa wiki na 260,000 kwa mwaka. Desemba mnakaa kugawana, na jedwali halipo. Mwenye sauti kubwa atakumbuka hisa zake vizuri sana. Mjane aliyekuwa akilipa kimya kimya kila wiki, nani atamkumbukia? Mzozo kama huo unaweza kufika hadi kwa chifu, na chifu naye atauliza: maandishi yako wapi?

Zamani katika kazi za risaga hapakuwa na karatasi, lakini kila jirani aliyeshika jembe alijua ni shamba la nani lililolimwa na ni zamu ya nani inayofuata. Kumbukumbu ilikuwa katika vichwa vingi. Leo tumeihamisha yote ikakaa nyuma ya paswadi moja.

Tufanyeje?

Mkulima wa chai anajua tayari. Ukipeleka majani kituoni, mizani inapima, hesabu inaenda kiwandani, na wewe unapewa risiti yenye kilo zako. Kiwanda kina yake, wewe una yako. Siku ya bonasi hesabu zikigongana, kuna mahali pa kuanzia. Kikundi nacho kifanye vivyo hivyo: kila mwanachama awe na kadi au kijitabu chake, na mweka hazina aweke sahihi papo hapo pesa inapopokelewa. Kadi ni ya bei ndogo na haihitaji bando wala stima. Ile ya mwanachama asiyejua kusoma iandikwe mbele ya mtu wake anayemwamini.

Halafu kila mwisho wa mwezi jedwali lote lishushwe kutoka kwenye wingu likiwa faili kamili, liwekwe kwenye flashi, na pia liprintiwe. Liwe limebeba tarehe. Karatasi ipigwe sahihi na watu watatu na kuwekwa kwenye faili la kikundi. Hapa kuna jambo kubwa kuliko karatasi yenyewe: anayetunza nakala asiwe yule anayetunza jedwali, na nyumba isiwe ile ile. Katibu akiwa na simu, flashi na faili katika chumba kimoja, tumerudi Strasbourg. Vikundi vinavyotumia kasha la kufuli tatu vina bahati, kwa sababu tayari vimezoea kugawa funguo. Kumbukumbu zigawanywe kwa utaratibu huo huo.

Kuprinti kurasa 2 au 3 kwa mwezi katika saiba ya Ikonge au Ekerenyo hakuwezi kukifilisi kikundi. Ila mhakikishe faili imefutwa kwenye kompyuta ya saiba kabla ya kuondoka, maana ina majina na nambari za vitambulisho, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatutaka tulinde habari za watu. Flashi nayo hushika virusi huko na huharibika bila kutoa taarifa, kwa hiyo isitegemewe peke yake. Risiti za ile karatasi laini ya mashine hufifia zikikaa. Zenye maana zipigwe fotokopi.

Kuhusu akaunti, iwe ya kikundi, isiwe ile katibu anayotumia kwa mambo yake. Paswadi iandikwe, itiwe kwenye bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi juu, ikae ndani ya kasha. Nambari ya simu ya kufungulia akaunti iwe ya laini inayotumika kila siku, na viongozi wakibadilishwa, siku hiyo hiyo paswadi na nambari zibadilishwe na jambo hilo liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Mwisho, nakala ambayo haijajaribiwa usiihesabu. Mara mbili kwa mwaka, na mara moja iwe Novemba kabla ya kugawana, fanyeni mkutano mmoja bila simu ya katibu. Izimwe, iwekwe kando. Mtunza nakala alete faili na flashi, wanachama walete kadi. Chagueni wanachama watano bila mpango maalumu, kisha mjaribu kusema kila mmoja ana hisa ngapi na deni gani, kadi ikilinganishwa na karatasi. Yasipolingana, afadhali mjue Novemba.

Maswali ya kujadili kikundini: Jedwali letu limefunguliwa kwa barua pepe ya nani? Nakala ya mwisho nje ya wingu ni ya tarehe gani, na iko nyumbani kwa nani? Katibu asipofika wiki ijayo, nani kati yetu anaweza kusoma hesabu?