Taa ya Injini Ikiwaka, Usikimbilie Duka la Spea

Wateja wengi hufika gereji wakiwa wameshaamua. Mzee mmoja alileta Premio yake taa ya injini ikiwa inawaka, na sensa mpya ya oksijeni mkononi. "Mwanangu, wamenipima na mashine, wanasema hii ndiyo imekufa. Nifungie tu."

Nikamuuliza, "Mzee, namba ilikuwa ipi?"

"Hiyo namba mimi nitaijulia wapi?"

Nikachomeka mashine kwenye tundu la pini 16 lililo chini ya dashibodi upande wa usukani. Tundu hilo, Marekani ililifanya la lazima kwa magari madogo kuanzia toleo la 1996. Ikatoka P0171. Herufi P ni injini na gia boksi; B ingekuwa bodi, C breki na usukani, U mawasiliano ya kompyuta za gari zenyewe. Sifuri inayofuata maana yake namba hiyo inatumika kwa magari ya kampuni zote. Na P0171 inasema hewa imezidi petroli. Basi. Haijasema sensa imekufa. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyopeleka taarifa, na wengi wetu mafundi huwa tunamfukuza mleta taarifa.

Hewa huzidi kwa njia nyingi: mpira umepasuka nyuma ya sensa ya hewa, sensa hiyo yenyewe imechafuka, pampu ya mafuta imechoka, nozeli zimeziba. Kuzitenganisha hakuhitaji kununua kitu. Fungua ukurasa wa data za papo hapo, uone kompyuta inaongeza petroli kwa asilimia ngapi. Premio ile ikiwa sailensa iliongeza zaidi ya asilimia 20. Nilipopiga resi hadi mizunguko 2500 kwa dakika, nyongeza ikashuka karibu na kawaida. Hewa inayoingia kwa ufa ni nyingi ukilinganisha na ile kidogo ya sailensa, lakini kwenye resi inamezwa. Pampu ingekuwa ndiyo mbaya, nyongeza ingepanda kadiri injini inavyofanya kazi kubwa. Nikapapasa mpira mdogo unaorudisha mvuke wa oili kwenye manifodi. Juu ulikuwa mzima. Kuukunja, chini kuna ufa unaoingia ukucha.

Mpira ulipatikana kwa bei ya soda chache. Sensa mzee alibaki nayo, maana dukani wameandika ukutani kwamba vifaa vya umeme vikishauzwa havirudishwi.

P0301 ni rahisi zaidi: silinda ya kwanza inamisi. Kompyuta haioni plagi. Inaona tu kwamba mzunguko wa krenki unapungua kasi zamu ya silinda hiyo inapofika. Kwenye IST kila silinda ina koili yake, inashikwa na bolti moja ya spana 10. Zima injini, hamisha koili ya kwanza iende ya tatu, futa namba, zungusha gari. Ikija P0303, koili ni mbovu. Ikirudi P0301, iache koili, angalia plagi, kisha nozeli, kisha pima kompresheni.

Ila usifute namba kabla hujaandika data zilizogandishwa, yaani hali ya injini wakati hitilafu inaingia: joto, mwendo, mizunguko. Fundi anayeanza kwa kuchomoa betri amefuta ushahidi wote, na taa itawaka tena ukishamlipa.

Taa ya njano ikitulia, na gari linakwenda vizuri, unaweza kufika nyumbani. Ikipepesa ni habari nyingine: injini inamisi kiasi cha kumwaga petroli isiyoungua kwenye masega ya bomba la moshi, nayo yanaweza kuyeyuka. Weka gari pembeni uzime, hata kama ni Ubungo saa kumi na moja jioni na wa nyuma wanakupigia honi.