Abiria wa Kumi na Tano

Kwetu Tanga chombo hiki huitwa daladala, jina litokanalo na dala, yaani shilingi tano. Hapa Kenya ni matatu, kwa kumbukumbu ya sarafu tatu za senti 10 zilizokuwa nauli hapo kale. Mwalimu wa Kiswahili akiwa ugenini hujifurahisha kwa maneno kama hayo. Nami nilijifurahisha, hadi siku nilipopanda gari kutoka Kericho kwenda Bomet.

Tuliondoka kituoni tukiwa abiria 14, kila mtu kitini pake. Mji ulipoisha na chai kutanda pande zote mbili, kondakta akaanza kuokota watu. Kufika Litein tulikuwa 22. Nilihesabu, maana mazoea ya kuita majina darasani hayamwachi mtu. Kiti cha watatu kilikaliwa na wanne, na magotini mwangu palitua kikapu cha kuku ambaye mwenyewe sikumwona.

Nikamkumbusha kondakta kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004: mikanda, vidhibiti mwendo, na abiria wasiozidi idadi ya viti. Hakunijibu. Aliyenijibu ni mzee aliyenibana ubavuni.

"Mwalimu, songa kidogo. Mama yako yuko nje kwa mvua."

Nikachungulia. Kweli alikuwako, mchuma chai aliyejifunika gunia, maji yakimchuruzika. Nikasonga.

Tangu siku hiyo nimeona kuwa lawama tunazomtwika kondakta si zake peke yake. Katika nyanda hizi mvua hupenda kunyesha alasiri, wakati ule ule wachumaji watokapo mashambani, na gari lifuatalo huenda lisije kabla ya giza. Karibu kila aliye ndani amewahi kuwa nje. Anaposonga hamtii kondakta. Anailipa fadhila aliyotendewa jana.

Lakini fadhila hiyo haipunguzi uzito wa gari kwenye mteremko. Oktoba 2018, huko Fort Ternan katika kaunti hii ya Kericho, basi moja lilipinduka na kuua watu zaidi ya 50. Baada ya misiba ya namna hiyo polisi huwa wakali kwa siku kadhaa, na magari hupita yakiwa na idadi ya halali. Sheria huwahesabu walio ndani. Sijaona kizuizi barabarani kinachowahesabu waliobaki nje, wala afisa anayeuliza kwa nini saa kumi na mbili jioni hakuna gari la pili.

Majuzi niliwapa wanafunzi wangu insha kwa anwani hii hii. Karibu wote walijiandika wakiwa nje, mvuani. Wachache walijiweka ndani wakakataa kusonga. Hoja zao ni thabiti, na Kiswahili chao ni safi. Madaftari yao yangali mezani pangu. Bado sijayatia alama.